Ijumaa ya Jinzi

Kwa miaka mingi niliteremka kilima cha Nyanchwa kila asubuhi nikiwa nusu tu mtu wa ofisi. Kuanzia magotini kwenda juu nilikuwa na sketi nyeusi na koti lake, blauzi ya kola na nywele zilizofungwa nyuma. Kuanzia magotini kwenda chini nilikuwa mtu wa matope, nimevaa raba kuukuu ambazo rangi yake ya kwanza siikumbuki tena. Viatu vyenyewe vya kazi, vyeusi vya kisigino, nilivibeba mkononi ndani ya mfuko wa karatasi. Nikifika nilikuwa naketi nyuma ya kaunta ya mapokezi, nainama kana kwamba naokota kalamu, na nikiinuka nimekamilika.

Ofisi yetu ni ya bima, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na misumari katikati ya mji wa Kisii. Watu hupanda ngazi zetu wakiwa na shida: gari limegongwa, nyumba imeungua, mtu amefariki. Meneja niliyemkuta nilipoajiriwa aliamini kwamba mtu mwenye shida hutulia akihudumiwa na mtu aliyevaa vizuri. Huenda hakukosea. Lakini imani yake ilituangukia sisi wanawake kuliko wanaume. Wanaume waliambiwa suti na tai, basi. Sisi tuliambiwa sketi ipite magoti, soksi za nailoni, viatu vya kufunika vidole, na suruali hapana, hata iwe ya namna gani. Alikuwa akiingia asubuhi anatazama miguu kwanza, ndipo anasalimu.

Mwenzangu wa upande wa hesabu, mama mmoja kutoka kaunti za ziwani, alikuja siku moja na suruali ya kitambaa kizito cha kijivu. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba ambayo watu wa ziwani hawaizoei hata wakae kwetu miaka mingapi. Alirudishwa nyumbani kubadilisha. Alirejea karibu na saa ya chakula akiwa na sketi, akaketi, akafanya kazi yake. Jioni tukiteremka ngazi ndipo aliponiambia, kwa Kiswahili, maana mimi na yeye hatuna lugha nyingine ya pamoja, "Dada yangu, leo napanda kile kilima mara mbili kwa sababu ya miguu yangu. Si ilikuwa imefunikwa?"

Mimi nilisoma shule ya wasichana ya Sironga, nikavaa sare tangu nikiwa mdogo, na nilipoajiriwa niliona suti ile ni sare nyingine tu. Mwanzoni niliipenda. Nilipenda kupiga pasi usiku, nilipenda watu wa kanisani wakiniona nikipita. Ni baadaye, watoto wakishakua na mume wangu akishahamishiwa Nakuru, nilipoanza kuchoka. Uchovu wenyewe haukuja siku moja. Ulianzia kwenye vifundo vya miguu, ukapanda magotini, ukakaa mgongoni. Jioni nilikuwa nikivua viatu naona alama nyekundu kuzunguka mguu, nami nazitazama tu kama vile ni mguu wa mtu mwingine.

Basi meneja yule akastaafu, tukaletewa kijana kutoka Nairobi. Ninamwita kijana kwa sababu angeweza kuwa mtoto wangu wa kwanza, ila alikuwa mtu mwenye adabu, anagonga mlango hata ulio wazi. Wiki chache baada ya kufika alituita sote kwenye chumba cha mikutano akatusomea ujumbe wa makao makuu kwenye simu yake. Kuanzia mwezi huo, kila Ijumaa, wafanyakazi wote wataruhusiwa kuvaa nguo za kujiachia. Alisoma akitabasamu, akangoja tufurahi.

"Kujiachia kiasi gani?" mwenzangu wa hesabu akauliza.

"Jinzi, tisheti, raba. Mjisikie kama mko nyumbani."

Nilijaribu kufikiria ninavyovaa nikiwa nyumbani. Nyumbani huwa navaa dera lililopauka, leso kiunoni, na mvua ikinyesha nikitaka kukata majani ya ng'ombe navaa shati la mume wangu na gambuti. Siyo nguo ambazo ningemfungulia mtu mlango nazo, sembuse kumpokea ofisini. Na nguo zangu nyingine zote ni za kazi au za Sabato. Katikati hapakuwa na kitu.

Ijumaa ya kwanza karibu sote tulikuja na suti. Wanaume walikuwa wamevua tai, wakawa wanajishika shingo mara kwa mara kama waliopoteza kitu. Mimi nilivaa gauni la kanisani. Meneja alipita kaunta yangu akasema kwa upole, "Mama, leo ni Ijumaa," na mimi nikasema, "Najua," naye akaenda. Wiki iliyofuata akatukumbusha tena. Wiki ya tatu alisema makao makuu wanataka picha. Ndipo nilipoelewa kwamba ruhusa ile ilikuwa amri kama zile nyingine, ila hii ilikuja ikicheka.

Mwenzangu akanipeleka soko la Daraja Mbili, kwenye mitumba. Nilijaribu jinzi chini ya sketi, nyuma ya turubai, huku yeye ameshika leso kunikinga na macho ya wapita njia. Alikuwa akicheka mpaka leso inateremka.

"Shika vizuri," nilimwambia.

"Nashika, dada. Lakini wewe unavaa suruali kama mtu anayeingia mtoni."

Nilichukua ya buluu iliyokoza, pana kidogo, na tisheti ya kijani isiyo na maandishi. Sitaki kudanganya: Ijumaa niliyoivaa mara ya kwanza niliteremka Nyanchwa kama mtu aliyetua mzigo. Mikono mitupu, raba miguuni, mapaja yana joto. Lakini nilipishana na mama mmoja tunayeimba naye kwaya, akanisalimu baada ya kunipita, akiwa amegeuka kuhakikisha. Kwetu sisi Waadventista Ijumaa ni siku ya maandalio. Watu wanapika mapema, wanafua, wanapiga pasi za kesho. Na mimi hiyo ndiyo siku niliyokuwa nikitoka nyumbani nimevaa kama mtu anayekwenda kuosha gari. Nikawa nachoka kwa namna nyingine. Siku nne nilichoka miguu, ya tano nilichoka uso.

Baba mkwe wangu ni mkulima wa chai huko Nyacheki na mzee wa kanisa. Ni mjane. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na alikuwa amekataa kutibiwa kwa muda mrefu akisema bado anaona njia. Mume wangu alimbembeleza kwa simu mpaka akakubali kuja mjini kwenye kliniki ya macho. Tulipatana kwamba atakuja wiki inayofuata, mume wangu akiwa ameomba ruhusa, amchukue mwenyewe. Lakini mzee akiamua jambo haliweki. Jirani yake alikuwa anateremsha ndizi mjini kwa pikapu, naye akapanda mbele, hakumwambia mtu.

Ilikuwa Ijumaa, asubuhi ya manyunyu. Nilisikia hatua nzito zikipanda ngazi, moja, kisha kutulia, kisha nyingine. Halafu mlangoni akasimama. Alikuwa amevaa suti yake ya kahawia, ile moja, ambayo nimemwona nayo kwenye harusi yetu na kwenye mazishi ya mama mkwe. Shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu. Tai. Kofia ameivua, ameishika kifuani pamoja na mwavuli. Alikuwa amevaa kwa ajili ya ofisi.

Ndani, meneja alikuwa na tisheti yenye picha ya mpira. Mwenzangu wa hesabu alikuwa na jinzi na kofia ya kapelo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta, si nyuma yake, nikipanga viti.

Mzee alinitazama moja kwa moja. Alikuwa anaona umbo tu, na umbo hilo halikuwa la mtu anayemjua. Akaniambia kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kuongea na wageni:

"Dada, hii ofisi imefungwa?"

Niliweka chini kiti nilichokuwa nimekishika.

"Natafuta mama ya mapokezi," akaendelea. "Bibi ya kijana yangu. Kama hayuko nitangoja huko chini."

Kwa zaidi ya miaka ishirini hatujawahi kuzungumza Kiswahili, mimi na yeye. Hatukuwa tumezungumza sana hata kwa Ekegusii, maana kwetu baba mkwe na mke wa mtoto hukaa kwa chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya: hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawatazamani sana usoni. Mke wa mtoto humwendea baba mkwe amejifunika vizuri, ameinamisha kichwa. Sasa nilikuwa nimesimama mbele yake na suruali ya mitumba na hanijui. Nyuma yangu kiti cha mwenzangu kililia; alikuwa ameinuka. Nadhani alikuwa tayari kunificha, kusema mama huyo ametoka kidogo. Ningeweza kuteleza chooni. Leso yangu ilikuwa ndani ya droo.

Lakini nilimwona amelowa mabegani, na nilikuwa nimechoka.

"Tata," nikasema. Ndivyo tunavyomwita baba. "Ni mimi."

Macho yake yaliteremka kutoka pale uso wangu ulipokuwa mpaka chini, yakakaa kwenye sakafu katikati yetu. Sijui aliona nini. Buluu, labda, buluu mbili, mahali ambapo palipaswa kuwa na kitambaa kimoja. Akageuza kofia mikononi, akaigeuza tena.

"Aa," akasema kwa lugha yetu. "Ni siku ya maandalio. Mnafanya usafi."

"Ndiyo, tata."

"Ni vizuri. Sabato ikute mahali pasafi."

Sijawahi kujua kama aliamini hivyo au alinipa mlango wa kutokea. Sikuwahi kumuuliza, na mtu hamuulizi baba mkwe jambo kama hilo. Meneja alikuja, akamwamkia shikamoo kwa mikono miwili, akamletea kiti. Mzee alimshikashika kidogo mkono wa tisheti, akisikiliza kitambaa kwa vidole, kisha akasema kwa Kiswahili, "Na wewe kijana unasaidia hawa kina mama kufagia. Mungu akubariki." Kijana wa watu akatazama tisheti yake, akanitazama, akasema, "Asante, mzee," akarudi ofisini kwake akafunga mlango taratibu.

Ilibidi niende naye kliniki siku hiyo hiyo. Meneja hakusita kunipa ruhusa. Mwenzangu alinifuata mpaka juu ya ngazi akaninong'oneza, "Ufunge leso, basi?" Nikamwambia leso juu ya jinzi atasikia mlio wa nguo mbili, atajua ninaficha. Hilo nilijua litakuwa baya zaidi.

Shida ikawa ngazi. Alipanda kwa kushika ukuta, ila kushuka ni kugumu kwa mtu asiyeona kina. Mkono sikuweza kumshika. Tulisimama pale, mimi natazama ukuta, yeye anatazama mahali pasipo na kitu, mpaka mwenyewe akanyoosha mwavuli uliofungwa, akanielekezea upande wa ncha. Niliushika. Nikatangulia hatua moja mbele, yeye akashika mpini, tukashuka. Hivyo ndivyo tulivyovuka mji wa Kisii Ijumaa ile, siku ya watu wengi, na manyunyu yakitunyeshea sote wawili kwa sababu mwavuli ulikuwa na kazi nyingine. Bodaboda walitupisha. Kwenye matope nilisema, "Tata, hapa kuna shimo," naye akajibu, "Haya." Nilijua watu wanatazama: mzee wa suti na tai anayevutwa na mwanamke wa jinzi. Wengine wa kanisani kwetu walikuwemo, niliwatambua kwa namna walivyonyamaza. Nilitembea tu. Na lazima niseme kwamba kwa viatu vyangu vya kisigino nisingeweza kumfikisha. Tungeanguka wote pale karibu na stendi.

Kliniki walimpima wakasema jicho la kulia lifanyiwe upasuaji Jumatatu. Alikaa kwangu. Jioni ile, kabla jua halijazama, nilivaa gauni langu refu nikamwekea chakula, na nilipopita alisikiliza mlio wa gauni, akaonekana kutulia. Au ni mimi niliyetulia. Jumatatu alipasuliwa, akarudi na jicho limefunikwa kwa pamba na plasta, akalala mapema.

Jumanne asubuhi nilimpeleka kuondolewa plasta kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa na kila kitu siku hiyo: sketi, koti, soksi, viatu. Nilikuwa nimeamka gizani kupika uji wake, kupiga pasi shati lake, kupiga pasi blauzi yangu. Nesi akamketisha, akabandua plasta polepole, akapangusa jicho.

"Mzee, unaona nini?"

Alipepesa. Aliangalia dirisha kwanza, kwa muda mrefu. Kisha mikono yake mwenyewe, pande zote mbili, kama mtu anayenunua kitu. Kisha akageuka, na kabla sijainamisha kichwa akawa ameniona.

Nesi akamchekea. "Huyu unamjua?"

"Namjua," akasema. Hakuondoa jicho. Nilitegemea aseme lolote kuhusu nguo, nadhani nilikuwa nimejivika kwa ajili yake, kurekebisha ile Ijumaa. Lakini alinitazama usoni tu, kinyume cha desturi yote, kama daktari. Miaka mingapi hakuwa ameuona uso huu vizuri? Mara ya mwisho nilikuwa na mashavu.

"Umechoka," akaniambia.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia mvua imekatika. Kisha akamtazama nesi akamwomba kiti kingine. Nesi akakileta. "Keti," mzee akasema. Nikamwambia nachelewa kazini. Akasema, "Keti kwanza," na nikaketi, mimi na baba mkwe wangu bega kwa bega kwenye viti vya plastiki, tukitazama mlango. Nilianza kulia bila sauti, na yeye akawa anasoma bango la ukutani kwa kunong'ona, herufi moja moja, mpaka nilipomaliza. Nilifika kazini nimechelewa, na hakuna aliyeniuliza.

Mume wangu alikuja mwisho wa wiki akamrudisha Nyacheki. Ofisini mambo yaliendelea. Meneja hakuisahau ile baraka ya kufagia. Nilimsikia akimsimulia mtu kwenye simu, lakini hakuwa akicheka. Mwezi uliofuata alituita tena. Alisema ameandikia makao makuu kwamba wateja wa huku hawatutambui Ijumaa. Mwenzangu wa hesabu akauliza kama basi tutarudi kwenye suti. Hapana, akasema, wamepata suluhisho: tisheti za kola, rangi moja, zenye nembo kifuani, kila mtu avae na suruali nyeusi au sketi nyeusi apendavyo. Akazileta kwenye boksi. Zilikuwa za manjano, na zote zilikuwa kubwa.

"Kwa hiyo hii ni sare," mwenzangu akasema.

"Ni nguo ya kujiachia, lakini ya pamoja," meneja akajibu, kisha akacheka, akijicheka na yeye mwenyewe.

Aliongeza jambo moja, akiwa anakunja boksi, bila kututazama: kwamba siku nyingine zote mtu anaweza kuvaa suruali ya heshima na viatu vya chini. Mwenzangu aliinamia karatasi zake. Kesho yake alikuja na ile suruali ya kijivu, imekaa kabatini miaka yote hiyo, imembana kidogo kiunoni. Saa nne nilimpelekea chai na akaipokea bila kuinua kichwa, nikarudi mahali pangu.

Mimi sikuvaa suruali tena, isipokuwa Ijumaa chache za baridi. Si kwa sababu ya mtu yeyote. Ni uvivu tu wa kuzoea kitu kipya nikiwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Viatu vya chini nilinunua.

Mzee alikataa jicho la pili. Alisema moja linamtosha kuona chai iliyokomaa na isiyokomaa, na la kushoto liachwe lipumzike. Tulipomtembelea mwezi wa kumi na mbili alikuwa shambani, kikapu mgongoni, anachuma mwenyewe baada ya miaka ya kuchumiwa. Alinisalimu kutoka mbali, kichwa ameinamisha upande kama inavyotakiwa, akauliza kama tumefika salama. Kisha akaendelea na mstari wake wa chai, nami nikaingia jikoni, nikavuta kigoda, nikaketi kabla ya kuwasha moto.